Njoo Uonje Chumvi

Watu wengine asubuhi huamka. Mama Kifungo alikuwa anajiteremsha. Kwanza alijigeuza ubavu, akakunja goti la kulia, akalisubiri la kushoto lifuate, na lilipogoma akalivuta kwa mkono. Kisha akaiacha miguu ianguke sakafuni, kiwiliwili kikafuata baadaye kwa wakati wake. Moto ukamshuka kutoka kiunoni, ukapita nyuma ya paja, ukafika kisigino, njia yake ileile ya kila siku, naye akauma shuka mpaka ukapita. Mumewe alikuwa anakoroma. Heri yake.

Jumapili nyingine angelala tena, binti yake apike. Leo hapana. Leo wifi yake anakuja kula.

Wala tusidanganyane, wifi hakuwa anakuja kusalimia. Alikuwa anakuja kukagua. Kifungo, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, amepata nafasi chuo cha uuguzi, masomo yanaanza kesho, na katika mji wa chuo hana pa kulaza ubavu isipokuwa kwa shangazi yake. Ijumaa shangazi alipiga simu. Baba Kifungo, ambaye hajui kuongea na dada yake peke yake, akafungulia sauti ya juu, nyumba nzima ikasikia.

"Mtoto nitamchukua, chumba kipo," wifi alisema. "Lakini sitaki baadaye nisikie ndugu yangu anashinda njaa na kale kadogo kanashinda na kamasi, eti nimewaondolea mpishi. Nakuja Jumapili. Nataka nile mkono wa mkeo, sio mkono wa mtoto. Huo mgongo wake mimi naujua, anautia chumvi tu. Nikikuta nyumba ina mwenyewe, naondoka na mtoto jioni ileile. Nikikuta haina, abaki. Si mlimwita Kifungo wenyewe? Basi akitumikie."

Jina hilo lilikuwa la utani. Akiwa bado anatambaa, yule mtoto alimeza kifungo cha shati chini ya cherehani ya mama yake, kiwandani, na kilipotoka salama mafundi wote wakashangilia. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kulichezea jina lile kwa namna ya jela. Mama Kifungo alilisikia neno lile likimkaa kifuani, na halikutoka Ijumaa, halikutoka Jumamosi.

Sasa alikuwa amesimama katikati ya jiko lake, ameshika meza, anatazama kila kitu ambacho kingemtoa nishai.

Lilikuwepo jiko la mkaa juu ya pipa. Alilipandisha huko mwenyewe ili asiiname. Yalikuwepo maji ndani ya vikopo vidogo vidogo, kwa sababu ndoo hainyanyuki. Ulikuwepo mkeka nyuma ya mlango, ambapo alikuwa akijilaza kati ya kukata viazi na kuviosha, kisha kati ya kuviosha na kuvipika. Mtu akijua kusoma jiko la mwenzake, lile lilikuwa linasema kila kitu.

"Literemshe jiko," alimwambia Kifungo. "Maji rudisha kwenye ndoo. Mkeka kaufiche uvunguni."

Kifungo hakusogea. Alikuwa na kanga begani, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. "Mama, mimi siendi."

"Unakwenda."

"Nitaomba tena mwakani."

"Mwakani nani kakuahidi? Mimi nilisema mwakani nikiwa na umri wako. Mwakani yangu ndiyo hii unayoiona."

Kifungo akateremsha jiko, lakini kwa kulibwaga. Akageuka akamwona mama yake anatoa vidonge viwili kwenye pakiti, anavimeza, kisha anatoa vingine viwili.

"Mama! Hivyo ni vya siku nzima."

"Na leo ni siku nzima. Hujaanza uuguzi, umeshaanza kunigombeza?"

"Basi niache nikusaidie kupika."

"Ukigusa mwiko mbele ya shangazi yako tumekwisha. Huyo haji kula, anakuja kuhesabu mikono."

Nje jirani alikuwa anafagia uwanja, na redio ya mtu fulani ilikuwa inahubiri. Kifungo ndiye aliyepata wazo. Alilileta kwa sauti ndogo, ile ya kuomba ruhusa.

"Kuonja siyo kupika. Kila mpishi ana muonjaji. Ukizidiwa, niite: njoo uonje chumvi. Nikiinama kuonja, wewe niegemee. Mzigo wote nipe mimi. Atafikiri unasogea kuangalia sufuria."

Mama Kifungo alicheka. Kucheka nako kulikuwa na bei yake, kiuno kikamkumbusha, lakini alicheka.

* * *

Wifi alifika mapema kuliko saa aliyosema, kama wakaguzi wote. Mwanamke mnene, mwenye miguu iliyovimba ndani ya viatu vya kubana na macho yasiyopitwa na kitu. Kifungo akamkimbilia, "Shikamoo shangazi," akaitikiwa "Marahaba" nusu tu, nusu nyingine ilikuwa inatazama sakafu kama imepigwa deki. Baba Kifungo akamvutia kiti cha sebuleni, chenye mto. Akakikataa.

"Nitakaa jikoni na wifi yangu, tupige soga," alisema. Akachukua kigoda, akakiweka mlangoni kabisa, akakaa. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka bila kumwomba njia.

"Wifi, habari za siku?"

"Nzuri, wifi. Karibu."

"Habari za mgongo?"

"Nzuri."

Lilishatoka. Na sasa mtu atamlaumu nani? Sisi tumefundishwa hivyo. Habari za nyumbani, nzuri. Habari za msiba, nzuri, ila ndiyo hivyo tena, tumezika. Kwanza unaitika nzuri, kisha ndipo unaleta ila yako. Hata hospitalini jibu hilo lilimponza. Daktari, kijana mwenye haraka, alimuuliza, "Mama, habari ya mgongo?" akajibu, "Nzuri, ila," na kabla ila haijafika popote kijana ameshageukia picha, akasema haionyeshi kitu. Baba Kifungo alikuwa amekaa pembeni, akasikia nzuri, akasikia haionyeshi kitu. Tangu siku ile, kila mkewe alipolalamika, yeye alimtazama kwa huruma ya mtu anayedanganywa na mtoto.

"Nzuri kabisa?" wifi aliuliza.

"Nzuri tu."

"Haya. Tunamshukuru Mungu."

Kuku alikuwa ameshakatwa. Alimkata amesimama, tumbo limeegemea meza, na hapo hapakuwa na taabu. Taabu ilianza kwenye kuinama. Jiko lilikuwa chini, na chini palikuwa mbali. Alishuka kwa kupiga magoti, taratibu, huku akisimulia habari ya jirani na mbuzi wake ili wifi asitazame magoti. Akakaanga vitunguu na nyanya, akamtia kuku, akatia maji na viazi, akafunika. Mpaka hapo vidonge vilikuwa bado vinamtetea. Ila kusimama kutoka pale chini ni habari nyingine.

"Kifungo," aliita, "njoo uonje chumvi."

Kifungo akaja mbio. Akainama juu ya sufuria na kijiko, mama yake akamshika bega, akajivuta. Kwa sekunde ile binti alibeba mwili mzima wa mama yake kwenye mfupa mmoja wa bega, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Iko sawa," alisema.

Ikaja mboga ya kabichi. "Kifungo, njoo uonje chumvi." Ikaja mara ya kupepea moto uliozimika. "Kifungo mwanangu, hebu njoo uonje tena." Kila mara aliambiwa iko sawa.

"Jamani," wifi alisema, "chumvi gani hiyo inaonjwa kama dawa ya kikohozi?"

"Wifi, mgeni mwenyewe ndiye wewe. Nikikosea si utanitangaza?"

Wifi akacheka, lakini kidogo. Akakitazama kijiko, akamtazama muonjaji. Kisha akafungua pochi. "Kifungo, nenda kanunue soda. Za baridi. Usinunue hapo jirani, nimeziona zimekaa juani. Nenda mpaka barabarani."

Kifungo alimtazama mama yake.

"Unasubiri nini?" wifi aliuliza. "Nenda. Chumvi imeshaonjwa vya kutosha."

Akaenda.

Sasa kuku ameiva, na mchele ulioshwa unangoja moto. Sufuria ya kuku, ile kubwa ya shughuli, ilikuwa imejaa mpaka karibu na mdomo, mchuzi unatokota. Ilibidi itoke motoni ipande juu ya meza ya jikoni. Baba Kifungo alikuwa sebuleni, anasikika akimfundisha yule mdogo, Kitinda, kuhesabu. Angeweza kumwita. Wifi alikuwa hatua mbili kutoka pale, mzima, mikono imekaa mapajani. Angeweza kumwomba. Neno moja tu, wifi nishikie, na Kifungo angebaki nyumbani kesho, na keshokutwa, na mwaka huu, akipika juu ya pipa.

Mama Kifungo alichukua matambara mawili, akapiga magoti, akashika sufuria, akainuka nayo.

Maumivu yana sauti, waliougua wanajua. Alisikia kitu kikimlia ndani ya kiuno, kisha mguu wa kushoto ukapotea wote. Hakuuhisi. Alitembea kwa kuutupa mbele na kuomba uwepo. Hatua ya kwanza ulikuwepo. Ya pili mchuzi ulimwagika, ukamuunguza kidole gumba, na alishukuru, kwa sababu angalau maumivu ya kidole yalikuwa mafupi. Alifika mezani. Aliitua sufuria juu yake polepole, bila kuibwaga, akabaki ameikumbatia meza, mgongo kwa mgeni.

"Wifi, unalia?"

"Moshi."

"Mkaa umeshika wote. Moshi utoke wapi?"

"Basi ni furaha, wifi. Siku nyingi hujaja."

Wifi aliutazama mgongo ule. "Mh," alisema. Lakini alivuta kigoda pembeni, akafungua njia.

* * *

Kifungo aliporudi na soda akapeleka vyombo, wakala sebuleni, wote watano. Mama Kifungo alikaa pembeni kwenye kiti cha mbao, akiwa ameshajua kuwa hicho ndicho cha mwisho, hatasimama tena mpaka watu watoke. Alikuwa amepanga kila kitu kiwe karibu: bakuli, vijiko, maji ya kunawa. Baba Kifungo aling'aa. Ni mtu mwema, hilo lisemwe. Hapigi, halewi, mshahara wa ulinzi analeta wote. Alipakua wali kwa mkono wake, akatazama sahani, akatazama mkewe, akatikisa kichwa kama mtu aliyeokota kitu.

"Leo Mama hajalala chini," Kitinda alisema mdomo umejaa.

Vijiko vikasimama.

"Kulala chini vipi?" wifi aliuliza.

"Akipika analala. Anapika, analala, anapika, analala."

"Huyu mtoto!" Mama Kifungo alisema haraka. "Anacheza mchezo huo na wanasesere wake, basi kila mtu analala. Kula, mwanangu, wali unapoa."

Wifi alikuwa amejitia kipande cha kwanza cha kuku mdomoni, anatafuna, na kutafuna kukapungua mwendo. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba. Akachukua kabichi, akaonja. Akaweka kijiko chini.

"Wifi," alisema, "chumvi iko wapi?"

Kifungo alishtuka mpaka soda ikamwagika. Wote wawili walifahamu kwa pamoja, mama na binti. Wameonja mchana kutwa. Wameonja kuku, wameonja kabichi, wameonja mpaka wifi amechoka kuona. Hakuna aliyetia. Kifungo alikuwa anagusisha kijiko mdomoni tu, masikio na bega vyote viko kwa mama yake. Kopo la chumvi lilikuwa halijafunguliwa tangu asubuhi.

Baba Kifungo naye akaonja, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajipiga paja. "Chumvi yote kaimaliza kwenye mgongo! Kuku hakubakiziwa!"

Wifi akacheka. Kitinda akacheka bila kujua anacheka nini. Mama Kifungo alihisi uso unamwaka. Alipika chakula kile kwa mguu mmoja, na mumewe, ambaye hakuwahi kumwita mwongo kwa maneno, sasa alikuwa amemwita kwa utani, mbele ya dada yake, na sahani mkononi. Angependa kuinuka aende chumbani. Hilo nalo hakuliweza.

Alijikaza kisabuni. "Cheka, Baba Kifungo, cheka," alisema. "Wifi yangu ana presha. Unafikiri sijui? Nimtilie chumvi nimuue? Chumvi ya mezani ile pale, mwenye afya yake ajitilie."

Alisema vile kwa kukisia. Ile miguu iliyovimba, kule kupumua kwa nguvu kwenye kigoda. Lakini lilimpata wifi pale alipokuwa hajajifunika. Kicheko kikamkauka. Alimtazama mke wa ndugu yake muda mrefu, na macho yale makali yakalowa.

"Nani alikwambia?"

"Ninakuona tu, wifi."

"Nyumbani kwangu wananiona kila siku," wifi alisema. "Watu wazima, wanangu wa kuzaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipunguzia chumvi." Akachukua kijiko, akala. Akala kweli, chakula kile kisicho na ladha, akaomba aongezwe.

Baba Kifungo alifurahi kupita kiasi. Aliweka mkono wake kwenye bega la mkewe, mzito. "Kumbe unaweza," alisema. Hakukuwa na ubaya ndani ya sauti yake, ilikuwa furaha tupu, na ndiyo iliyomuumiza. "Kumbe siku zote unaweza!"

"Nilikwambia," wifi alisema. "Mtu akiachiwa kazi yake anaifanya. Mtoto naondoka naye leo, hilo limekwisha."

Limekwisha. Mama Kifungo alilisikia neno lile, akafumba macho. Kwa muda huo mfupi mwili wake haukuuma popote.

"Na jingine," wifi aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuomba. "Nilikuwa sijui nilisemeje. Ni mama yetu. Unajua hajigeuzi tena. Namnyanyua mimi, namwogesha mimi, usiku namgeuza mimi, na presha yangu hii. Nimechoka, wifi. Mungu ananiona nimechoka. Nilikuwa naogopa kumleta hapa, nilijua nyumba haina mtu. Lakini anayekumbuka presha ya mwenzake ndiye wa kukaa na mama. Nitamleta Jumamosi."

"Hilo halina mjadala," alisema Baba Kifungo. "Mama ni mama. Mzima yupo, atamhudumia."

Kifungo alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. "Shangazi, bibi hawezi kuja hapa. Mama hawezi. Nyie hamuoni? Mama ha—"

"Kifungo," mama yake aliita. "Njoo uonje chumvi."

"Chumvi ya nini tena, watu wameshashiba!" wifi alisema, wakacheka tena, yeye na ndugu yake.

Lakini Kifungo alikuja. Aliinama karibu na kiti cha mbao, na mama yake akamkamata kiganja cha mkono, akakibana mpaka kucha zikaingia.

"Ukilisema," alimnong'oneza, "nimepika bure."

Binti alibaki ameinama. Machozi yake yalidondoka kwenye gauni la mama yake. Alipoinua kichwa alikuwa ameufuta uso wake, na uso ule haukuwa tena wa mtoto.

"Iko sawa," alisema.

"Mama aje," Mama Kifungo alimwambia wifi yake. "Akaribie. Hapa ni kwa mwanawe."

* * *

Jioni begi lilikuwa mlangoni. Wifi alikuwa ameshavaa viatu vyake, ameshambusu Kitinda, anangoja. Alikuwa anangoja kusindikizwa, kama mgeni yeyote. Mama Kifungo bado alikuwa kwenye kile kiti cha mbao. Vidonge viliisha nguvu tangu walipokuwa wananawa mikono. Mguu wa kushoto ulikuwa hauna habari, na kiuno kilikuwa kimekaza kabisa, hakimruhusu hata kugeuka.

"Wifi, huinuki?" wifi aliuliza. Kidogo tu, ule ukaguzi wa asubuhi ulikuwa unarudi machoni mwake. "Hata hatua mbili?"

Mama Kifungo aliweka mikono miwili kwenye meza. Akajaribu. Hakuna kilichoinuka.

"Asije!" Kifungo alisema kwa ukali, na wote wakamgeukia. "Shangazi, mimi nimemkataza. Akinisindikiza nitalia njia nzima, watu wanione. Sitaki. Akae hukohuko." Akabeba begi, akalitupia begani. Hakumkumbatia mama yake, kwa sababu angemkumbatia angejua jinsi mwili ule ulivyokuwa unatetemeka, na asingeondoka. "Kwaheri mama. Twende, shangazi, tutakosa gari."

"Mtoto ana roho ngumu huyu," wifi alisema akishangaa. "Hata mama yake hamuagi vizuri." Lakini alimfuata.

Baba Kifungo aliwasindikiza mpaka barabarani, Kitinda akimshika suruali. Mama Kifungo alisikia viatu vikipungua, akasikia jirani akiuliza safari ya wapi, akasikia sauti ya binti yake ikijibu, chuoni, kwa kujidai kidogo. Alilia wakati huo, peke yake, kwa sauti, kwa sababu amefanikiwa na kwa sababu Jumamosi inakuja. Hakujua ni lipi lililokuwa linamliza zaidi.

Mumewe alirudi anapiga mluzi. Kitinda alikuwa amebaki kucheza na watoto wa jirani. Akawasha taa, akamkuta mkewe amekaa palepale, meza imejaa vyombo, wali umekauka kwenye sahani.

"Wamepata gari," alisema. "Dada kafurahi, hujui tu. Njiani anakusifia wewe. Kesho nitatafuta kitanda cha mama, tukiweke pale dirishani, au unaonaje? Haya inuka, tuondoe vyombo."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuinuka. Siwezi, Baba Kifungo. Nishike."

"Wewe? Si umepika leo?"

"Nimepika leo," alisema. "Sasa siwezi."

Alimtazama. Mchana kutwa alikuwa amemsikia mkewe akitania, habari za mbuzi wa jirani, moshi wa furaha, presha na chumvi, na ilikuwa siku nyingi hajamwona amechangamka vile. Alicheka, akaegemea ukuta, akamngoja na yeye acheke.